Dar hadi Mbeya kwa gari dogo na familia: msilazimishe kufika siku hiyo hiyo

Mwana wa Uyole (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Desemba imeingia na najua wengi wetu tunajiandaa kupanda nyumbani, wa Iringa, wa Njombe, wa Mbeya, wa Tukuyu na Kyela. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu Desemba iliyopita na sitaki mwaka mwingine upite sijalisema.

Naishi Kimara, Dar, kwetu Uyole, Mbeya. Kila mwaka naipeleka familia kusalimia wazee kwa gari letu la cc 1300: mimi, mama watoto na watoto wawili. Ni kilomita 800 na ushee, na miaka yote nilikuwa na kanuni moja tu, jua lisizame kabla sijafika. Nilikuwa najivunia hilo. Mzee anatoka nje anauliza, "Mmetoka lini?" nami najibu, "Alfajiri ya leo, baba."

Mwaka jana, siku moja kabla ya safari, nilitoka kazini saa mbili usiku. Kufunga mizigo, kwenda kujaza upepo, kuhangaika na begi lisiloingia kwenye buti, mpaka naweka kichwa kwenye mto ni saa sita. Saa tisa usiku nimeamka, saa kumi tuko barabarani. Usingizi wa saa tatu.

Mpaka Morogoro mambo safi. Mikumi jua limeshatoka, watoto wanahesabu twiga na pundamilia. Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu, mlima Kitonga tukaupanda nyuma ya foleni ya malori, Iringa tukapita saa saba mchana bila hata kupanda mjini. Tulisimama pale Ipogolo dakika kumi, mafuta na kuchimba dawa, tukaondoka. Kufika Mafinga nikaanza kupiga miayo. Nikashusha kioo, ubaridi wa ile misitu ya misonobari ukanipiga usoni, nikaona nimepona. Makambako nikanywa kinywaji cha kuongeza nguvu. Mama watoto akaniambia, "Baba Neema, tulale hapa." Nikamjibu zimebaki kama kilomita mia na sabini, hapo tumeshafika.

Ukishaiacha Makambako barabara inageukia magharibi. Jioni jua linakaa mbele yako, kioo kizima kinawaka, na barabara imenyooka inashuka polepole kuelekea bonde la Usangu. Nakumbuka tulipita Halali. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Kilichoniamsha ni sauti ya binti yangu wa miaka sita. "Baba, mbona tunaenda kwenye majani?" Hakupiga kelele. Aliuliza tu, kama anavyouliza mambo yake mengine. Nikafumbua macho, na hapo ndipo nikajua kwamba yalikuwa yamefumba. Tairi za kushoto ziko nje ya lami, kokoto zinagonga chini ya gari, mguu wangu bado umekanyaga mafuta, na mbele, kama urefu wa kiwanja cha mpira, kuna ukingo wa zege wa daraja dogo. Namshukuru Mungu sikukata usukani. Niliachia mafuta, nikashika usukani kwa mikono miwili, gari likajikokota nusu lami nusu vumbi mpaka likasimama. Sekunde ileile lori lililokuwa linatoka Igawa likapita upande wa pili na honi ndefu. Ningerudi barabarani kwa pupa ningelivaa.

Tulikaa pale kimya. Mama watoto hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko kugombezwa. Mdogo alikuwa bado amelala, shavu limelalia mkanda. Neema akauliza kama tumefika kwa bibi.

Kwa hiyo naomba, wakuu, kwa yeyote anayeendesha mwenyewe: lala Iringa. Iringa ni kama kilomita 500 kutoka Dar, umeshamaliza Mikumi, umeshamaliza Kitonga, mwili umeshafanya kazi ya kutwa. Gesti zipo za kila mfuko. Asubuhi unaondoka saa kumi na mbili na nusu ukiwa mtu mzima na saa sita au saba mchana uko Mbeya. Tofauti ni usiku mmoja. Nitakayoyaongeza nitayaongeza, na nyie wenye uzoefu karibuni.

Mkimbiza Upepo

Pole sana mkuu, Mungu ni mkubwa. Lakini tusitishane. Mabasi yanatoka Dar alfajiri na jioni yako Mbeya, kila siku ya Mungu. Mimi mwenyewe nimeshaenda mara nne na gari yangu, moja kwa moja, na sijawahi kusinzia. Ni mazoea tu. Kulala njiani ni gharama: chumba, chakula cha usiku, cha asubuhi. Mtu mwenye watoto wanne atalipa vyumba viwili.

Mwana wa Uyole

Mkimbiza Upepo, nakuelewa maana nilikuwa naongea hivyohivyo mwaka juzi. Basi la safari ndefu linatakiwa kuwa na dereva wa pili. Mmoja anaendesha, mwenzake anapumzika. Mimi na wewe dereva wa pili wetu ni nani? Na mimi pia nilikuwa sijawahi kusinzia, mpaka siku ile.

Kuhusu gharama, chumba nilicholala safari ya kurudi kilikuwa shilingi 35,000 na chai ya asubuhi ndani. Watoto walilala chini kwenye godoro waliloongezewa. Vitunguu na nyanya tulizobeba kwenye buti kuwapelekea majirani ziligharimu zaidi ya hapo.

Dereva wa Semi

Mimi niko kwenye semitrela, Dar–Tunduma, mwaka wa kumi na nne huu. Nimesoma habari ya huyu ndugu nikanyamaza kidogo, maana hicho kipande cha Makambako hadi Igawa nakijua. Watu wanaiogopa Kitonga na wanakuwa macho. Pale paliponyooka ndipo wanapojiachia.

Ila kwa kuwa wengi mtarudi Januari, nisemee Kitonga ya kushuka. Kwenda Mbeya unaipanda, hatari yako ni kuchemsha injini na kuovateki kwa hasira. Kurudi Dar ndiyo unashuka, na gari dogo halijazoea mteremko wa namna ile. Kanuni yetu ya zamani: gia uliyopandia ndiyo ushukie. Gari likizuiwa na injini, breki inabaki ya kugusa tu. Wewe ukishuka umekanyaga breki kutoka juu mpaka chini, zinapata moto, mafuta ya breki yanachemka, yanatoa mapovu, unakanyaga pedeli inaenda mpaka chini kama umekanyaga sifongo. Hapo huna tena kitu.

Na wale wanaoweka nyutro eti kuokoa mafuta, tafadhali. Gari za siku hizi ukiachia mafuta ukiwa ndani ya gia, injini inajikatia mafuta yenyewe kabisa. Kwenye nyutro ndiyo inaendelea kuyanywa. Kwa hiyo hujaokoa, na umeondoa kizuizi.

Mengine ya kuzingatia mlimani:

Matawi ya miti yaliyolazwa barabarani maana yake kuna gari limeharibika mbele, mara nyingi baada ya kona. Ukiyaona shusha mwendo palepale, usisubiri ulione gari.

Ukisikia harufu kali ya kitu kinachoungua na hakuna moshi wa kuni karibu, ni breki za mtu. Inaweza kuwa za lori lililo mbele yako au za kwako. Tafuta sehemu pana ukae pembeni, zipoe zenyewe. Usizimwagie maji.

Lori la nyuma yako likianza kuwasha taa zote na kupiga honi bila kuacha wakati mnashuka, halikugombezi. Dereva wake anakuomba njia kwa sababu hana breki. Toka barabarani upande ulio salama, upesi.

Usijibane katikati ya malori mawili kwenye mteremko. Acha nafasi kubwa, hata kama wa nyuma yako wananung'unika. Kitonga haifiki kilomita kumi. Hata ukitambaa, utapoteza dakika ngapi? Na mteremko wa Inyala ukitoka Uyole kuja Igurusi muupe heshima ileile.

Kijana wa Ilula

Dereva wa Semi, asante. Naomba ufafanuzi wa indiketa. Nikiwa nyuma ya lori, likiwasha ya kushoto naambiwa nipite, ya kulia nisubiri. Ni sahihi?

Dereva wa Semi

Ndivyo tunavyosaidiana barabarani: kushoto pita, kulia usipite, kuna gari linakuja. Lakini ya kushoto inaweza pia kuwa anataka kusimama, na ya kulia inaweza kuwa kweli anakata kulia kuingia kijijini. Mimi nikikuwashia nimekupa taarifa, sijakupa ruhusa. Sogea kidogo uone kwa macho yako mwenyewe ndiyo upite. Na ukishapita usirudi mbele yangu ukakanyaga breki, mzigo wa tani 30 hausimami kama gari lako.

Sista Mlezi

Nafanya kazi ya uuguzi, hospitali ya wilaya moja huku Nyanda za Juu Kusini, sitaitaja. Desemba tunapokea majeruhi wa barabarani, na wengi ukiwauliza wanasema maneno ya mwanzisha uzi: "sikumbuki."

Huo usingizi wa sekunde chache unakuja bila hodi. Macho yanaweza hata kuwa wazi na ubongo umeshalala. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Sinzia sekunde nne tu, umeshakwenda karibu mita 90 bila dereva.

Mwili una nyakati zake mbili za kuzama kwa siku: usiku wa manane hadi alfajiri, kati ya saa nane na saa kumi na mbili, na mchana baada ya chakula, kati ya saa saba na saa kumi. Mwanzisha uzi aliamka ndani ya wakati wa kwanza na akaendesha kupita wakati wa pili, na usingizi wa saa tatu tu. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huendesha vibaya sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Tunamkemea mlevi na tunamsifia aliyetoka Dar bila kulala.

Kushusha kioo, kuongeza sauti ya redio, kujipiga makofi, kutafuna bigijii, vyote vinakudanganya dakika chache. Kinachosaidia ni viwili, kulala na kahawa, na vizuri zaidi vikienda pamoja. Simama mahali penye watu, kunywa kikombe cha kahawa, halafu egemeza kiti ulale dakika 15 hadi 20. Kahawa inachukua kama nusu saa kuanza kazi, kwa hiyo unaamka nayo ikiwa imeanza. Usilale saa nzima, utaamka mzito. Na hiyo ni ya kukufikisha mji unaofuata ukapumzike, siyo ya kukumalizia kilomita 300.

Dalili za kusimama: unapiga miayo mfululizo, kope zinawasha, kichwa kinadondoka, hukumbuki kijiji ulichopita, gari linatangatanga. Moja ikitokea, simama. Usiseme "mpaka kituo kinachofuata."

Halafu dawa. Nyingi za mafua, na za kuzuia kutapika garini, zinaleta usingizi. Wape abiria ikibidi, dereva asinywe. Na kila saa mbili shukeni mtembee, siyo kwa dereva tu. Mama mjamzito, mzee na mtu aliyefanyiwa upasuaji karibuni wakikaa miguu imekunjwa kutwa nzima damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya miguu.

Mkimbiza Upepo

Sista, hapo kwenye "hukumbuki kijiji ulichopita" umenigusa. Mara ya mwisho nilijikuta Chimala nisijue Igawa nimeipita vipi. Nilidhani ni kwa sababu naijua njia sana.

Sista Mlezi

Kaka yangu, hapo ulikuwa umelala.

Mama Wawili

Jamani mmeongea ya dereva, mimi naomba niongee ya kiti cha nyuma, maana dereva anachoka nusu kwa barabara na nusu kwa kelele za watoto.

Nguo. Mnatoka Dar watoto wamevaa fulana kwa joto, masweta yako chini kabisa ya buti. Mkifika Mafinga mvua inanyesha, ukungu umeshuka, mtoto anatetemeka, baba anasimamisha gari kwenye kona apekue mabegi. Weka masweta, soksi na kitenge kimoja kizito ndani, kwenye miguu yako. Hata Desemba huku juu kukinyesha ni baridi.

Chakula. Usiwape chipsi zenye mafuta mengi halafu mkaingia kona za Kitonga. Mimi nabeba ndizi, viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, karanga kidogo na maji. Anayetapika akae katikati ya kiti cha nyuma na mkanda wake, aone mbele, na simu asipewe kabisa, kwa sababu macho yanaangalia kitu kilichotulia wakati mwili unatikisika, hapo ndipo tumbo linapovurugika. Tangawizi inasaidia. Mifuko miwili ya plastiki na taulo lililoloweshwa viwe mkononi, siyo kwenye buti.

Mtoto kumpakata mbele ni marufuku kwangu. Gari likigonga kitu, hakuna mikono inayoweza kumshika. Nyuma, na mkanda, na mdogo kwenye kiti chake. Analia Kibaha, anazoea Chalinze.

Na wake wenzangu, tusilale wote. Mimi nikiona macho yameanza kuwa mazito namwambia mume wangu, "Nasikia usingizi, tusimame," maana kama mimi nimechoka kwa kukaa, yeye je? Mama Neema alisema tulale hapa. Alisikia kitu ambacho mwenye usukani hakukisikia.

Mwana wa Uyole

Mama Wawili, nimemsomea maneno yako. Ameyasikiliza, akaniangalia, akaendelea na kupika.

Mgeni wa Njia

Wakuu naomba msaada. Ni mara yangu ya kwanza kwenda na gari mwenyewe, tunaelekea Tukuyu na mama yangu, mke na mtoto wa miaka minne. Gari ni otomatiki, nimezoea mjini tu. Hiyo habari ya kushuka na gia uliyopandia kwenye otomatiki inakuwaje? Na nikague nini kabla ya kutoka?

Fundi wa Ipogolo

Karibu Iringa, kamwene. Angalia kwenye gia yako, chini ya D utakuta alama: nyingine zina 2 na L, nyingine S na B. Kwenye mteremko mkali toa D, weka 2 au S, na kwenye mkali zaidi L au B. Injini itanguruma kwa nguvu, usiogope, ndiyo inakushikia gari. Fanya hivyo kabla mteremko haujaanza, mwendo ukiwa mdogo. Jaribu kwanza kwenye kilima cha huko kwenu, usijifunzie Kitonga.

Ukaguzi fanya wiki moja kabla, siyo usiku wa kuamkia safari. Gari nyingi zinazoletwa kwangu mwezi huu zimeharibika kwa kitu ambacho kingeonekana Dar kwa dakika tano.

Tairi. Ubavuni kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu, mfano 2319. Maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watu wanaangalia kashata tu, yale meno ya tairi. Tairi lina kashata nzuri lakini lina miaka tisa, mpira umekauka, likipata joto la lami pale Mikumi linapasuka. La akiba nalo liangalie, wengi hawajawahi kuliangalia tangu wanunue gari. Upepo pima asubuhi tairi zikiwa za baridi, kwa namba iliyoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Ukipima njiani utaukuta umepanda kwa sababu ya joto. Usiupunguze, ni kawaida.

Mafuta ya breki yanafyonza unyevu wa hewa. Yakikaa miaka miwili, mitatu, yanachemka mapema, na ndiyo habari aliyosema Dereva wa Semi. Kubadilisha siyo ghali.

Rejeta: angalia maji asubuhi injini ikiwa ya baridi. Ukiwa unapanda Kitonga ukaona mshale wa joto unapanda, zima kiyoyozi. Ukizidi kupanda washa hita kwa nguvu zote na ushushe vioo. Mtateseka kwa joto, lakini hita inavuta moto kutoka kwenye injini. Bado? Tafuta sehemu pana, simama, zima. Usifungue mfuniko wa rejeta ukiwa wa moto. Nimeona uso wa mtu uliounguzwa hivyo, sitausahau. Subiri nusu saa na zaidi.

Taa zote, vipangusio vya mvua, pembetatu mbili za tahadhari, mtungi wa kuzimia moto, jeki na spana inayoingia kwenye nati zako kweli. Mvua za kwanza zinachanganyika na mafuta yaliyodondoka kwenye lami, barabara inakuwa kama imepakwa sabuni. Mwendo upungue.

Mgeni wa Njia

Asante sana fundi. Nimetoka kuangalia tairi: mbele 1021, nyuma 3414. Mungu wangu.

Fundi wa Ipogolo

Hizo za nyuma zina zaidi ya miaka kumi. Usitoke nazo. Kama fedha inabana, ahirisha safari siku mbili.

Mzee wa Chimala

Wanangu, nawasalimu. Nimesomewa uzi huu na mjukuu wangu, naye ananiandikia.

Barabara hii mnayoikimbilia sisi tuliiona ikiwa udongo. Ian Smith, kiongozi wa walowezi, alipojitangazia uhuru wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, mwezi wa kumi na moja 1965, Zambia ikakosa njia ya mafuta, na malori yakaanza kuyabeba kutoka Dar es Salaam kupita hapa mlangoni kwetu. Masika yalikuwa yanazama mpaka ekseli. Wazungu waliiita njia ya jehanamu. Lami ikaja mwishoni mwa miaka ya sitini na mwanzoni mwa sabini, reli ya TAZARA ikajengwa 1970 hadi 1975. Kabla ya hapo hakuna mtu aliyesema anatoka Dar anafika Mbeya siku moja. Ulilala Morogoro, ulilala Iringa, na ulipofika hukuonekana mzembe.

Mkiwa na watoto mna sababu ya kusimama. Karibu na Lugalo, kabla ya kufika Iringa, kuna mnara mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani mwaka 1891. Simameni mwelezeni mtoto. Na asubuhi mkitoka Iringa, kama kilomita 20 tu, mkono wa kushoto kuna Isimila, zile nguzo za mchanga ndefu kama majengo, na mawe waliyochonga watu wa kale. Dakika arobaini za kutembea pale, damu inazunguka, mtoto amechoka, atalala mpaka Makambako.

Na ulanzi, ile pombe ya mianzi, wa barabarani Iringa uacheni mpaka mfike. Asubuhi unaambiwa ni mtamu, haujachacha. Msiamini.

Mwana wa Uyole

Shikamoo mzee. Tumekusikia. Nitasimama Isimila, miaka yote hiyo nimekuwa naona kibao tu.

Binti wa Makulu

Sisi wa Dodoma je? Tunashukia Iringa kwa njia ya Mtera.

Kijana wa Ilula

Dada, yenu ni fupi, kama kilomita 260 mpaka Iringa, lami yote. Mnapita juu ya bwawa la Mtera halafu mnapanda Nyang'oro, kona kali zipo. Angalieni mifugo. Mkianza asubuhi, Mbeya siku hiyo hiyo inawezekana, ila msitoke Iringa baada ya saa nane mchana.

Kwa wote: 50 kwenye vijiji ni 50 kweli. Tochi za trafiki za kupima mwendo zipo na faini ni 30,000 kila kosa, lakini kikubwa ni kwamba watoto wa kwetu wanavuka hiyo barabara kwenda shule na kuuza nyanya. Na ndani ya Mikumi, kipande cha kama kilomita 50, msipite usiku. Tembo hana taa.

Mgeni wa Njia

Wakuu, narudisha mrejesho. Tairi mbili mpya nilinunua, safari ikasogea siku tatu. Tumelala saa mbili usiku, tukatoka Dar saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kila saa mbili tulisimama. Kitonga tumeipanda nyuma ya lori tupu la mbao, mshale wa joto ukasogea kidogo, nikazima kiyoyozi, ukarudi. Saa tisa tuko Iringa. Mwili ulikuwa unaniambia endelea, bado kuna mwanga. Mama yangu akasema, "Mwanangu, mimi nashuka hapa, wewe endelea." Tukapanda mjini tukalala.

Asubuhi tulishika Isimila. Mtoto amekimbia pale mpaka ameanguka. Baada ya Makambako nilikuwa natafuta hapo Halali kwa macho, nikapaona, jua lilikuwa bado nyuma yetu, barabara yote inaonekana mpaka mbali. Nilipita polepole. Uyole tuko saa saba na nusu, tukanunua viazi, tukakata kushoto kwenda Tukuyu kwenye mvua. Mama ndiye aliyekuwa anasimulia njia nzima, hakusinzia hata mara moja. Mabegi nimeyashusha mwenyewe.

Mwana wa Uyole

Ndaga fijo, asante sana, ndugu yangu. Wasalimie Tukuyu. Sisi tunatoka Alhamisi, na chumba Iringa nimeshapiga simu. Neema ameomba akae nyuma ya kiti changu, aendelee kuniuliza tunaenda wapi.

Kurudi, Kitonga tunaishuka na gia ya pili, tangu kule juu.